Pier Paolo Pasolini: Mtaliano aliyeiuliza nchi yake kuhusu mapenzi, akafika hadi Kigoma

Ukipita jioni karibu na Rond-point Signers mjini Goma, au pale kwenye sanamu ya chukudu, si ajabu ukamkuta kijana ameshika simu na mikrofoni ndogo akiwasimamisha wapita njia. Anauliza maswali ya kuchekesha: je, mwanamke anaweza kumposa mwanaume? Ni halali kuishi pamoja kabla ya mahari? Mume akitoka nje ya ndoa na mke naye akatoka, kosa ni moja au mawili? Watu wanacheka, wanabishana, wengine wanaficha uso na kuondoka.

Zaidi ya miaka sitini iliyopita mtu mmoja alifanya kazi hiyo hiyo nchini Italia. Hakuwa na simu bali kamera nzito na mikrofoni yenye waya mrefu, na nchi nzima ilikuwa barabara yake. Aliwauliza wakulima, wanajeshi, wasichana wa viwandani, wanafunzi, wachezaji wa mpira na watu waliojilaza ufukweni wanafikiri nini juu ya mapenzi, ndoa, talaka na uhuru wa mwili. Jina lake lilikuwa Pier Paolo Pasolini. Alikuwa mshairi, mwandishi wa riwaya, mwongozaji wa filamu na mtu aliyeshtakiwa mara nyingi.

Aliuawa usiku wa kuamkia tarehe 2 Novemba 1975 akiwa na umri wa miaka 53. Kwa wengi anakumbukwa kwa filamu zake za kuchekesha kuhusu mapenzi na kwa kifo chake cha kikatili. Ni wachache huku kwetu wanaojua kwamba aliwahi kuandika filamu iliyozaliwa na habari za Kongo, na kwamba kamera yake ilifika hadi Ziwa Tanganyika.

Mtoto wa mwalimu na askari

Pasolini alizaliwa Bologna, kaskazini mwa Italia, tarehe 5 Machi 1922, mwaka ule ule ambao Benito Mussolini alitwaa madaraka. Baba yake, Carlo Alberto, alikuwa ofisa wa jeshi aliyeuunga mkono utawala wa kifashisti. Mama yake, Susanna Colussi, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kutoka kijiji cha Casarsa, katika eneo la Friuli. Nyumba haikuwa na amani. Baba alikuwa mkali na mlevi, na mtoto alijiegemeza kwa mama tangu utotoni hadi siku ya mwisho wa maisha yake.

Huko Casarsa watu wa kawaida walizungumza Kifriuli, lugha ambayo serikali ya kifashisti haikutaka kuisikia. Mwaka 1942, akiwa na miaka 20, Pasolini alichapisha kitabu chake cha kwanza cha mashairi, na alikiandika kwa lugha hiyo ya wakulima. Msomaji wa Goma, ambaye mtoto wake hufundishwa darasani kwa Kifaransa na hurudi nyumbani kucheka kwa Kiswahili, ataelewa haraka uzito wa uamuzi huo. Kijana aliyesoma chuo kikuu alikuwa ameamua kwamba lugha ya jikoni inafaa pia kitabuni.

Vita vya Pili vya Dunia viliigawa familia. Baba alikamatwa na Waingereza huku Afrika Mashariki na kufungwa katika kambi ya mateka nchini Kenya. Mdogo wake, Guido, alijiunga na wapiganaji waliopinga mafashisti. Mnamo Februari 1945, akiwa na miaka 19, Guido aliuawa karibu na mpaka wa Yugoslavia. Waliomuua hawakuwa Wajerumani wala mafashisti, bali wapiganaji wa kikomunisti waliokuwa upande ule ule wa vita. Wakazi wa Kivu, ambao wameona makundi ya upande mmoja yakigeukiana, hawahitaji kuelezwa kwamba kifo cha namna hiyo huingia ndani ya nyumba na hakitoki.

Pamoja na hayo, vita vilipoisha Pasolini aliingia katika chama cha kikomunisti. Alikuwa mwalimu wa shule na alipendwa na wanafunzi wake. Aliamini kwamba chama kile ndicho kilichosimama na wakulima wasio na ardhi.

Kashfa na safari ya kwenda Roma

Mwaka 1949 maisha yale yalivunjika. Alishtakiwa kwa mambo ya faragha na vijana wa kijiji jirani waliokuwa chini ya umri. Chama kilimfukuza mwezi Oktoba mwaka huo, kabla mahakama haijasema neno, na kazi ya ualimu ikapotea. Baadaye mahakama ya kwanza ilimtia hatiani kwa kitendo cha aibu mahali pa wazi, na mwaka 1952 mahakama ya rufaa ikamwachia kwa kukosa ushahidi. Leo kesi yenye vijana wadogo namna ile ingetazamwa kwa jicho kali, na ndivyo inavyostahili. Wanaosimulia maisha yake bila kuitaja hawamtendei haki msomaji.

Januari 1950 alipanda treni pamoja na mama yake kwenda Roma. Baba waliachana naye nyumbani, akawafuata baadaye. Mama, aliyekuwa mwalimu, alifanya kazi za ndani katika nyumba ya watu. Mwana alipata kazi ya kufundisha katika shule ndogo ya Ciampino, nje ya mji, kwa mshahara mdogo. Waliishi pembezoni, mahali ambapo barabara ya lami huishia na vumbi huanza, kati ya watu waliotoka vijijini kutafuta maisha.

Mitaa hiyo ndiyo iliyomfanya mwandishi. Alisikiliza jinsi vijana wasio na kazi walivyozungumza, walivyoiba, walivyocheka na walivyokufa. Mwaka 1955 alitoa riwaya yake ya kwanza kubwa, Ragazzi di vita, iliyowafuata vijana hao kwa lugha yao wenyewe. Serikali iliishtaki kwa uchafu, na mwaka uliofuata mahakama ikamwachia. Mwaka 1961 akaongoza filamu yake ya kwanza, Accattone, juu ya kijana anayeishi kwa jasho la mwanamke kahaba. Waigizaji wake wengi walikuwa watu wa mtaani ambao hawakuwahi kuigiza.

Nchi ambapo sheria ilikisamehe kisu

Ili kuelewa kwa nini filamu juu ya mapenzi zilikuwa jambo zito Italia, lazima tuangalie sheria za nchi hiyo za miaka ile. Talaka haikuwepo kabisa. Aliyeoa alioa hadi kaburini. Lakini kifungu namba 587 cha sheria ya makosa ya jinai kilimpa nafuu kubwa mwanaume aliyemuua mke, binti au dada yake kwa hasira ya heshima ya familia baada ya kumkuta na mwanaume asiye wake. Kifungo chake kilikuwa kati ya miaka mitatu na saba tu. Kifungu kingine, namba 544, kilimfutia kesi mbakaji iwapo angemwoa msichana aliyembaka.

Wacheshi wa sinema waliona mwanya hapo. Mwishoni mwa 1961 Pietro Germi alitoa filamu Divorzio all'italiana, yaani talaka kwa mtindo wa Kitaliano. Ndani yake bwana mmoja wa Sicilia, aliyeigizwa na Marcello Mastroianni, amemchoka mkewe na anampenda msichana mdogo. Kwa kuwa hawezi kumpa talaka, anamtafutia mke wake mpenzi, ili awafumanie, amuue, afungwe muda mfupi kisha aoe upya. Watu walicheka hadi machozi, na filamu ikashinda tuzo ya Oscar ya mwandiko bora. Lakini kicheko kile kilikuwa kinaishitaki sheria. Jina la filamu lenyewe ndilo lililozaa jina la aina nzima ya vichekesho vya Italia vya miaka hiyo.

Pasolini alichukua njia nyingine. Badala ya kutunga kisa, mwaka 1963 alichukua mikrofoni na kuzunguka nchi kutoka kaskazini hadi Sicilia. Filamu iliyotoka mwaka uliofuata, Comizi d'amore, inaanza na watoto wanaoulizwa watoto hutoka wapi. Kila mmoja ana jibu lake, na ukumbi mzima hucheka. Kisha maswali yanakuwa magumu: talaka, ukahaba, bikira, wanaume wanaopenda wanaume.

Hapo ndipo ukimya unapoingia. Kusini, msichana anaulizwa na mwanaume aliyesimama pembeni ndiye anayejibu. Wasomi na matajiri wa mjini wanakwepa kwa maneno mazuri. Maskini mara nyingi wanasema waziwazi, hata wanaposema jambo la kutisha, kama baba anayeona ni haki kabisa kuua kwa ajili ya heshima. Pasolini mwenyewe alipenda wanaume, na ukumbini kila mtu alilijua hilo. Hata hivyo alisimama mbele ya watu waliotamka kwamba watu wa aina yake wanawachukiza, akaendelea kuuliza kwa upole. Filamu inaishia kwenye harusi ya vijana wawili wa kawaida, na swali la kama wanajua wanachokiingia.

Kindu, na filamu ya Kongo iliyokufa kabla ya kuzaliwa

Miaka hiyo hiyo Italia ilikuwa ikiitazama Kongo kwa uchungu. Tarehe 11 Novemba 1961 wanajeshi 13 wa anga wa Italia waliuawa Kindu, mji ambao wakati ule ulikuwa ndani ya jimbo la Kivu. Walikuwa wametua na mizigo ya askari wa Umoja wa Mataifa kutoka Malaya. Askari wa Kongo waliwadhania kuwa ni mamluki wa upande wa Katanga. Nchini Italia jina la Kindu likawa jina la msiba wa taifa. Wapo waliotumia msiba ule kusema kwamba Waafrika hawakustahili uhuru.

Pasolini hakukubaliana na maneno hayo. Mwaka 1961, baada ya safari ya India, alikuwa amepitia Kenya na Zanzibar, na Afrika ilikuwa imemwingia moyoni. Katika filamu yake ya picha za habari, La rabbia ya mwaka 1963, aliweka Kongo na kifo cha Patrice Lumumba kati ya majeraha makubwa ya karne. Na mwaka 1962 aliandika filamu nzima iliyoitwa Il padre selvaggio. Kisa chake kinatokea katika nchi ya Afrika iliyotoka kupata uhuru, na wasomaji wengi wameiona ndani yake sura ya Kongo. Mwalimu Mzungu anafika katika shule ya sekondari. Mwanafunzi wake bora, Davidson, anarudi kijijini wakati wa likizo na kujikuta ndani ya mauaji. Anarejea darasani akiwa amevunjika. Kinachomwinua polepole si dawa wala adhabu, bali mashairi anayoanza kuyaandika.

Filamu hiyo haikupigwa picha hata moja. Mwaka 1963 Pasolini alitoa filamu fupi, La ricotta, kichekesho kuhusu maskini mwenye njaa anayeigiza mwizi msalabani katika filamu ya mateso ya Yesu, na anakufa kwa kuvimbiwa baada ya kupata chakula kwa mara ya kwanza. Mahakama ya Roma ilimhukumu miezi minne ya kifungo cha nje kwa kosa la kuidharau dini ya taifa. Rufaa ilimsafisha baadaye. Lakini mtayarishaji wake, Alfredo Bini, alikwisha kuogopa, na mradi wa Afrika ukafa. Pasolini alilalamika kwamba kesi ile ndiyo iliyomuua Davidson wake.

Mwaka mmoja tu baada ya hukumu hiyo, alitoa filamu ya Injili ya Mathayo na kuikumbusha roho ya Papa Yohane wa 23. Taasisi ya Kikatoliki ya sinema ilimpa tuzo. Mtu aliyeitwa mkufuru alikuwa ametengeneza moja ya filamu zinazoheshimiwa zaidi juu ya maisha ya Kristo, yeye mwenyewe akiwa hasali. Nafasi ya Mama Maria mzee chini ya msalaba alimpa Susanna, mama yake mzazi aliyekwisha kumzika mwana mmoja.

Kigoma: kisasi na mahakama

Hatimaye Pasolini alirudi Afrika Mashariki na kamera. Kati ya mwishoni mwa 1968 na mwanzoni mwa 1969 alipiga picha Uganda na Tanzania, ikiwemo Kigoma, mji ambao watu wa Kivu wa Kusini na Tanganyika wanaujua kwa biashara na kwa ukimbizi. Alipita sokoni na vijijini akitafuta sura za watu. Alikuwa na wazo ambalo lilionekana la ajabu: kuigiza huku kwetu tamthilia ya kale ya Kigiriki ya Aiskilo, Oresteia.

Kisa chake ni hiki. Mke anamuua mume aliyerudi kutoka vitani. Mwana wao, Oreste, anamuua mama ili kulipiza kisasi cha baba. Miungu ya kisasi inamfukuza Oreste kila mahali, mpaka anapofika Athene, na kwa mara ya kwanza watu wanaketi kama mahakama na kupiga kura. Oreste anaachiwa. Miungu ya kisasi haifukuzwi mjini, bali inapewa nafasi ya kuwa walinzi wa nyumba na mashamba. Pasolini aliona katika kisa hicho nchi changa za Afrika zinazotoka katika damu kuingia katika sheria. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikifanya hekalu la mungu Apollo, na ngoma ya Wagogo wa Dodoma ikawa ishara ya kisasi kilichogeuka kuwa sherehe.

Kisha akafanya jambo ambalo wageni wengi hawalifanyi. Aliwaonyesha picha zake wanafunzi wa Kiafrika waliokuwa wakisoma Chuo Kikuu cha Roma, akawauliza maoni yao, na majibu yao yakabaki ndani ya filamu. Hawakumsifu. Walimwambia kwamba Afrika ni bara lenye mataifa mengi na si kijiji kimoja, na kwamba neno kabila jinsi Wazungu wanavyolitumia linaficha mengi. Pasolini anaonekana akijitetea, na kwa dakika kadhaa anaonekana kushindwa. Filamu kubwa haikutengenezwa. Kilichobaki ni zile picha za matayarisho, Appunti per un'Orestiade africana, ambazo leo ni ukumbusho wa ndoto ya Mzungu mmoja juu ya Afrika na wa vijana wa Kiafrika waliothubutu kuisahihisha.

Kicheko cha maskini

Baada ya hapo Pasolini alitaka kuchekesha. Alichagua vitabu vitatu vya hadithi za zamani na kuvigeuza kuwa filamu tatu alizoziita utatu wa maisha. Ya kwanza, Decameron, ilitoka mwaka 1971 na kupata tuzo ya Dubu wa Fedha mjini Berlin. Ya pili, kutoka hadithi za Canterbury za Uingereza, ilishinda Dubu wa Dhahabu mwaka 1972. Ya tatu, ya Alfu Lela Ulela, ilipata tuzo maalumu ya Cannes mwaka 1974. Hiyo ya mwisho aliipigia picha Yemen, Eritrea, Iran na Nepal, na mhusika mkuu wa kike, Zumurrud, mtumwa mwerevu kuliko wanaume wote wanaomzunguka, aliigizwa na Ines Pellegrini, mwenye asili ya Eritrea.

Decameron aliihamishia Napoli na kuifanya izungumze lahaja ya mji huo. Kijana anajifanya bubu ili apate kazi ya bustani katika nyumba ya masista, na masista wanamchosha hadi anaamua kusema. Wazazi wanamkuta binti yao amelala barazani na mpenzi wake. Baba, badala ya kuchukua kisu, anachukua pete, na mambo yanaishia kwenye ndoa na kicheko. Ukikumbuka kifungu namba 587, kicheko hicho kina maana. Karibu yake, katika filamu hiyo hiyo, kuna hadithi ya ndugu watatu wanaomuua kijana maskini kwa sababu amempenda dada yao. Pasolini aliziweka zote mbili mbele ya watazamaji waliokuwa bado wanaishi chini ya sheria ile.

Filamu ilijaza kumbi. Malalamiko nayo yalijaza ofisi za waendesha mashtaka, mji baada ya mji. Kwa jumla, maisha yake yalipitia kesi zaidi ya thelathini.

Mtu aliyeyakana mafanikio yake

Jambo lililowashangaza marafiki zake lilikuja mwaka 1975. Mwezi Juni Pasolini aliandika kwamba anaukana utatu wake wa maisha. Hakusema kwamba filamu zile zilikuwa na makosa. Alisema kwamba ulimwengu uliokuwa ndani yake umekufa.

Alikuwa ameona kilichofuata. Baada ya Decameron, watayarishaji wa Italia walitoa makumi ya filamu za kuiga, zenye nguo chache na akili chache. Miili iliyokuwa kwake alama ya furaha ya maskini sasa iliuza tiketi, magari na sabuni. Talaka ilikuwa imeruhusiwa tangu Desemba 1970, na katika kura ya maoni ya Mei 1974 karibu asilimia 59 ya wapiga kura walikataa kuifuta. Pasolini alikuwa upande wa talaka, lakini hakushangilia pamoja na wenzake. Kwa maoni yake, nguvu mpya ya matangazo na televisheni ndiyo iliyokuwa imeshinda. Zamani kijana alilazimishwa kuwa msafi. Sasa alilazimishwa kuwa huru, na asiyefuata alichekwa. Vijana wa mitaani aliowapenda walianza kuvaa sawa, kutaka vitu sawa na kuchukia umaskini wao.

Hakuwa sahihi katika kila jambo. Mwanzoni mwa mwaka huo aliandika gazetini kupinga kuhalalishwa kwa utoaji mimba, na wanawake wengi, wakiwemo marafiki zake, walimjibu kwa hasira kwamba mwili unaozungumziwa si wake. Pia alikuwa mwepesi wa kuusifu umaskini ambao yeye mwenyewe alikwisha kuuacha. Lakini swali lake halikuondoka: uhuru unaouzwa dukani ni wa nani?

Usiku wa Ostia

Jioni ya tarehe 1 Novemba 1975 alikula chakula na marafiki mjini Roma, kisha akaondoka kwa gari lake. Asubuhi mwili wake ulikutwa kwenye uwanja wa vumbi huko Ostia, karibu na bahari, umepigwa na kukanyagwa na gari lake mwenyewe. Kijana wa miaka 17, Pino Pelosi, alikamatwa na kukiri. Mahakama ya kwanza, mwaka 1976, ilisema hakuwa peke yake. Rufaa ikaiondoa sehemu hiyo. Miaka 30 baada ya mauaji, Pelosi aliibadili habari yake na kusema walikuwepo wengine waliofanya kazi ile. Alifariki mwaka 2017, na ukweli wote haujapatikana mpaka leo.

Filamu yake ya mwisho, Salò, ilionyeshwa Paris wiki tatu baada ya kifo chake. Haina kicheko hata kidogo. Ndani yake wenye madaraka wanawafanyia vijana lolote wanalotaka, na katika nchi kadhaa ilipigwa marufuku. Susanna aliishi hadi 1981, akiwa amewapoteza wana wake wawili kwa mauaji. Mama na mwana wamelala pamoja katika makaburi ya Casarsa.

Swali linalobaki Goma

Vifungu vile viwili vya aibu, cha kuua kwa heshima na cha kumwoza msichana kwa mbakaji wake, vilifutwa Italia mwezi Agosti 1981, miaka karibu sita baada ya kifo cha Pasolini. Vicheko vya sinema havikuvifuta peke yake. Kulikuwa na wanawake waliosimama, kama Franca Viola wa Sicilia, aliyetekwa mwishoni mwa 1965, akakataa kuolewa na mtekaji wake na kumpeleka mahakamani. Lakini sinema ilikuwa imewazoesha watu kuona kwamba jambo lililoitwa heshima linaweza kuwa upuuzi na ukatili.

Kwetu sheria iliandikwa mapema kuliko desturi ilivyobadilika. Sheria za Julai 2006 kuhusu ukatili wa kingono haziruhusu kesi ya ubakaji kumalizwa kwa faini. Bado kila mtu Kivu amesikia juu ya familia mbili zilizokutana jioni, zikahesabu mbuzi au pesa, zikamkabidhi msichana kwa yule aliyemharibia maisha, ili majirani wasiseme. Kikao kile kinaitwa kumalizana. Msichana huwa chumba cha pili, na hakuna anayemuuliza.

Huko ndiko mikrofoni ya Pasolini ilikoelekea katika majira yale ya 1963. Hakuwa mtakatifu, na majibu yake mengi yamepitwa na wakati. Alijua lakini kusubiri jibu kutoka kwa mtu asiyeulizwa. Siku nyingine ukiona kijana wa Goma amemsimamisha msichana barabarani na kumuuliza juu ya ndoa na mapenzi, simama kidogo. Sikiliza kama anayejibu ni msichana mwenyewe, au ni kaka yake aliyesimama pembeni.